Wakimbizi wa Ukuta wa Bonga

Siku ya kwanza nilipomwona Mama Rangi alikuwa juu ya ngazi, anamalizia kuku mwenye miguu mirefu kupita kiasi. Ilikuwa kwenye kibanda cha chipsi hapa Bonga, kata ya mji wa Babati, kando ya barabara ya Dodoma, hatua chache kutoka duka langu la kuchapa barua na kutoa kopi. Mwenye kibanda alisimama chini, mikono kiunoni.

"Mama, huyu ni kuku au mbuni?"

"Kuku."

"Mbona miguu hivyo?"

"Wateja wako wanapenda nini zaidi, kidari au paja?"

"Paja."

"Basi nimekuchorea paja."

Waliokuwa wanasubiri chipsi walicheka, na mwenye kibanda akashindwa kununa. Kuku yule yupo mpaka leo, na watu huelekezana njia kwa kumtaja: ukimpita kuku mrefu, kata kushoto.

Kabla ya kufungua duka niliwahi kutuma habari redioni kutoka wilaya hii. Kazi ile iliisha, tabia ikabaki. Bado natembea na daftari dogo, na mtu akinivutia huwa nataka kujua mambo manne: ni nani, ametoka wapi, amefika lini, na kwa nini anafanya anavyofanya. Kwa Mama Rangi nilikaa miaka sita nikiwa na jibu moja na nusu.

Kwamba ni nani nilijua nusu tu. Jina la Mama Rangi alipewa na mji kwa sababu ya makopo aliyobeba, na lilileta mkanganyiko wake. Kutoka hapa kwenda Kondoa ni njia moja, na Warangi ni majirani zetu, kwa hiyo nusu ya mji iliamini kwamba ni Mrangi.

"Wewe ni Mrangi wa wapi?" niliwahi kumsikia mama mmoja akimuuliza dukani kwangu. "Wa Haubi?"

"Mimi ni Mrangi wa kopo," alijibu, akaendelea kuhesabu karatasi zake.

Alifika lini nilijua. Anaishi wapi nilijua pia: Nangara, nyumba ya vyumba viwili na kishamba cha mbaazi. Ila "ametoka wapi" ilikuwa mstari mtupu kwenye daftari.

Iliyobaki ni "kwa nini". Mabango yake yalijaa mji, na yote yalikuwa na mambo mawili. Kwanza, kila kiumbe alikuwa na miguu mirefu. Ng'ombe wa duka la maziwa alifika na kichwa kwenye paa. Pili, watu wake wote walichorwa kwa nyuma. Hakuna uso. Kinyozi alifurahi, maana kisogo ndicho anachonyoa. Mwenye saluni ya kina mama naye hakulalamika, kwa kuwa misuko huonekana vizuri zaidi nyuma. Lakini fundi meno alibaki analiangalia bango lake muda mrefu, mpaka mwisho wakakubaliana achorewe mswaki.

Kila mwaka nilimuuliza kuhusu miguu, na kila mwaka niliandika jibu. Mwaka wa kwanza: "Brashi yangu ni ndefu." Mwaka wa pili: "Ubao ulikuwa mrefu, ningeuacha wazi?" Mwaka wa tatu: "Hawa ni watu wa Mbulu, ndivyo walivyo." Mwaka wa nne alinitazama, akaniita kwa cheo changu cha kamati ya michezo, akasema, "Katibu, Jumamosi funga duka. Twende nikakuonyeshe walimu wangu."

Tulipanda basi la asubuhi, tukashuka Kolo. Mtembeza wageni alitupandisha kilimani hadi kwenye mwamba ulioinama kama kibaraza. Pale kuna watu waliochorwa kwa rangi nyekundu, wembamba, warefu, vichwa vyao vimetimka kama manyoya. Wengine wamenyoosha mikono, wengine unaona kabisa kwamba hawajakanyaga chini, wanaelea. Mtembeza wageni alieleza kwamba hakuna anayejua ni wa lini hasa. Wapo wataalamu, alisema, wanaodhani wachoraji hao walikuwa watu wa kucheza na kuimba mpaka macho yao yaone mambo ambayo macho ya kawaida hayaoni. Wakitulia ndipo walichora. Akaongeza kwamba wapo wazee wanaofika kuomba mvua hadi leo.

Mama Rangi hakuwa anamsikiliza. Alikuwa amevua kofia.

"Shikamooni," aliwaambia watu wa mwambani.

"Marahaba," mtembeza wageni akawajibia, nasi tukacheka wote watatu.

Wakati wa kushuka alinipa jibu la kwanza la maana. Alisema alikuwa safarini kwenda Arusha kutafuta kazi, basi likaharibika hapo Kolo. Abiria mmoja akamwambia huko juu kuna picha za kale. Akapanda. Alikaa mbele ya mwamba bila kujua saa, na aliposhuka basi lilikuwa limeshatengenezwa na kuondoka na begi lake. Gari lililomwokota lilikuwa linaishia Babati.

"Kwa hiyo kilichokuleta Babati ni kupotea begi?" nikamuuliza.

"Kilichonileta ni hao. Niliwatambua."

"Uliwatambuaje?"

Alinionyesha ng'ombe waliokuwa wanavuka njia, akaanza kuzungumzia pembe zao. Nikajua daftari limefungwa.

Sasa niingie kwenye barua.

Kata yetu ina kamati ya michezo, nami ni katibu wake. Mwenyekiti ni mkulima mzee kutoka nyanda za Mbulu, mtu wa kanisa na mtu wa mbio. Ujanani alikimbia kilomita kumi, akapata cheti ambacho bado kimetundikwa sebuleni kwake juu ya kalenda. Kiswahili alikikuta shuleni akiwa mkubwa, na anakisema kama anavyolima, moja kwa moja bila kugeuka nyuma. Mwaka jana kamati iliamua kupamba ukuta wa stoo ya uwanja kabla ya mbio za kata. Ni ukuta mrefu, unaonekana kutoka barabarani. Mwenyekiti alikuja dukani, akakaa, akanisomea barua kutoka kichwani huku nikiandika.

"Andika: Tunakuomba uchore wakimbizi wasiopungua ishirini, wanawake kwa wanaume, wakubwa kwa wadogo, wote wakikimbia kuelekea Mlima Kwaraa."

Kalamu yangu ilisita kwenye neno lile. Nilijua anataka kusema wakimbiaji. Lakini redioni tulifundishwa kwamba maneno ya mtu ni ya mtu, usimtengenezee. Halafu ni mzee, na mwalimu wa michezo, kijana ambaye yuko tayari kucheka wakati wowote, alikuwa amekaa pembeni. Nikajiambia, ni ukuta wa uwanja wa michezo, nani atakosea? Nikaandika kama alivyosema.

"Endelea," alisema. "Wachorwe wenye nguvu, wasionyeshe uchovu. Wakimbizi ni heshima ya kata yetu. Weka mhuri."

Nikaweka mhuri.

Mama Rangi aliisoma barua dukani, akiwa amesimama. Akaisoma tena, akakaa juu ya boksi la karatasi.

"Nani kasema haya?"

"Mwenyekiti."

"Kwa maneno haya haya?"

"Haya haya. Mimi nimeandika tu."

"Na hii ya mwisho, ya heshima. Kasema yeye, au umeongeza wewe?"

"Mama Rangi, miaka yote hii umeniona naongeza maneno?"

Aliikunja barua mara nne, akaiingiza kwenye pindo la kitenge, akalikaza. "Mwambie nitachora. Ila nataka turubai la kufunika. Asichungulie mtu mpaka nimalize."

Kwa siku tisa turubai lilining'inia mbele ya ukuta. Asubuhi nilimwona akichota udongo mwekundu kando ya barabara, akiuchekecha kwa chandarua kikuukuu na kuuchanganya na mafuta. Nilimsikia akiimba kwa lugha nisiyoijua. Alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake, hata utani wake ulipungua. Haya yote niliyaandika. Sikuyaunganisha, na hilo linaniuma kidogo, kwa mtu anayejiita mwandishi.

Alhamisi alasiri, siku mbili kabla ya mbio, kamati ilikusanyika uwanjani: mwenyekiti, mwalimu wa michezo na mimi. Mama Rangi alikuwa amevaa kitenge kipya. Akavuta kamba, turubai likaanguka.

Walikuwa watu ishirini na watatu, wekundu kama mwamba wa Kolo, miguu mirefu kuliko yote aliyowahi kuchora, migongo yao kwetu, wote wakielekea kulia, ambako alikuwa amechora Kwaraa, mlima wa hapa Babati. Walikuwa wenye nguvu kweli. Miguu yao haikugusa chini. Mmoja alibeba godoro kichwani. Mwingine alibeba cherehani, mwingine sufuria tatu zilizopandana, mwingine kuku kwapani. Mzee mmoja alibeba saa ya ukutani, na mwanamke alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Mbele ya wote alikuwa mtoto wa kike mdogo, asiye na mzigo.

Mwenyekiti aliwahesabu kwa kidole, mmoja mmoja.

"Mbona wamebeba masufuria?" mwenyekiti aliuliza taratibu.

"Labda mbio zinaishia kwenye pilau," alisema mwalimu wa michezo.

"Nyamaza, mwalimu. Mama Rangi, hizi ni mbio gani za magodoro?"

Mama Rangi aliifungua barua kutoka kwenye pindo. "Mzee, barua yako imesema wakimbizi."

"Ndiyo! Wakimbizi! Watu wa mbio, wenye kaptula na namba kifuani!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mwalimu wa michezo aliuma mdomo, mabega yakaanza kumtetemeka. Mama Rangi alinitazama mimi, akamtazama mzee, akaitazama barua. Niliona furaha ya siku tisa ikianza kumtoka usoni.

"Kosa ni langu," nikasema. "Mzee alimaanisha wakimbiaji. Nililiona neno, nikaliacha."

"Mimi nilidhani mmejua," alisema Mama Rangi.

"Tujue nini?" akauliza mwenyekiti.

"Kwamba mimi ni mkimbizi. Nikadhani mmejua, na mkasema ni heshima."

Mwenyekiti alivua kofia, akaivaa tena. "Wewe si Mrangi?"

"Mzee, mimi nimezaliwa Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Nilitoka huko nina miaka saba."

Akaeleza, akiwa ameegemea ukuta, bila kulia na bila kupamba. Walitembea wengi, mchana na usiku. Baba yake alimwambia asitazame nyuma wala pembeni, atazame miguu ya mama yake tu, akiipoteza miguu ile amepotea. Kwa hiyo safari nzima aliona miguu na migongo. Mtoto wa miaka saba akitazama watu wazima kutoka chini, miguu haina mwisho. Nyuso hakuziona, na nyingine hakupata kuziona tena. Kambini Kigoma alianza kuchora kwa mkaa kwenye turubai za mahema, na alichoweza kuchora kilikuwa kile.

Nilikuwa na daftari mfukoni. Sikulitoa.

"Na mwamba wa Kolo?" nikauliza. "Ulisema uliwatambua."

"Kijijini kwetu palikuwa na katekista. Alichora malaika ukutani kanisani, kwa udongo mwekundu, warefu kama nyuzi. Watu walimcheka. Yeye alisema, sichori ninachokiona, nachora nilichoonyeshwa usingizini. Anayeitwa juu, alisema, hunyooka. Kanisa lile halipo tena. Sasa fikirieni, nashuka kwenye basi bovu, napanda kilima katika nchi ya watu, nawakuta malaika wa katekista wetu wamenisubiri." Akacheka kidogo. "Kama nilikuwa wazimu, basi tulikuwa wazimu wengi, na wa tangu zamani."

Mwalimu wa michezo alikuwa ameacha kutetemeka mabega, lakini aliwaza kazi iliyo mbele. "Pole sana, Mama. Ila Jumamosi ni keshokutwa, wageni wanakuja. Stoo kuna chokaa ndoo mbili. Nusu siku tu tunafuta, tunaandika KARIBUNI, basi."

Mama Rangi aliliokota turubai. Alianza kulikunjakunja, kama mtu anayefunga mizigo.

Mwenyekiti alitembea hadi ukutani. Alivaa miwani, akainama karibu na yule mwenye godoro, akafuatisha mguu wake kwa kidole kutoka nyonga hadi kisigino. Akasogea kwa mwenye cherehani. Akasogea kwa mwenye saa.

"Mwalimu, njoo hapa. Vijana wako huwa unawafundisha kukimbia namna gani?"

"Kichwa kitulie, mzee. Mabega yasikaze."

"Mwangalie huyu. Ana godoro kichwani, na kichwa kimetulia. Huyu wa sufuria, hatua yake umeiona? Kijana wako gani ana hatua kama hii?"

"Hakuna, mzee."

"Hakuna." Akamgeukia Mama Rangi. "Mlikimbia umbali gani?"

"Sijui umbali. Siku kumi na moja."

"Siku kumi na moja!" Aligonga paja kwa kofia. "Mimi nimetundika cheti ukutani kwa kilomita kumi, na nilikuwa sina hata kijiko mkononi! Mwalimu, chokaa kapake choo chako. Nilisema wakimbizi, wakachorwa wakimbizi. Neno langu lilikuwa sawa, ni ninyi wasomi mliolikosea."

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Mama Rangi naye akaanza, kwanza kwa pua, kisha kwa mwili mzima, ameliachia turubai.

"Huyu mdogo wa mbele ni nani?" mzee akauliza.

"Ni mimi."

"Ulikuwa wa kwanza?"

"Nilibebwa nusu ya njia."

"Basi ulidanganya! Mwalimu, huyu aondolewe mashindanoni."

Tulipotulia mzee alitembea hadi mwisho wa ukuta, akasimama, akakuna kidevu. "Kimepungua kitu kimoja. Mbio bila utepe si mbio. Uko wapi utepe wao?"

Mama Rangi alimfuata, akaitazama ile kona. Kwenye ukuta wale watu walikimbia kuelekea konani, bila alama yoyote ya mwisho.

"Sikuweka," alisema. "Sijui unakaa wapi."

"Basi lilikushusha wapi?"

"Stendi. Hapa Babati."

"Basi na utepe uko hapo. Mimi ningeuweka pale chini ya Kwaraa, lakini mchoraji ni wewe."

Ijumaa nzima alichora utepe. Ni mstari mmoja mweupe, kazi ya dakika tano. Alikaa nao tangu asubuhi hadi jua linaanza kushuka, akisogea nyuma, akitazama, akirudi. Alipomaliza ulikuwa chini ya mlima, juu kidogo ya ardhi, na yule mtoto wa mbele alikuwa karibu kuufikia kwa kifua.

Jumamosi mbio zilikwenda kama kawaida, kaptula na namba kifuani. Shida ilianza baada ya mbio za kilomita tano kumalizika. Vijana waliouangalia ukuta tangu asubuhi walianza kutaniana: wewe huwezi hata na ndoo, seuze godoro. Mmoja akamwendea mama wa chai, akaazima sufuria. Mwingine akatoa godoro la hosteli ya wachezaji. Kabla mwalimu wa michezo hajapuliza filimbi ya kuzuia, watu kumi na wanne walikuwa mstarini, kila mmoja na mzigo wake, mzunguko mmoja wa uwanja. Mwalimu alitazama kushoto na kulia, akapuliza filimbi ya kuanzia.

Wa kumi na tano alikuwa Mama Rangi, na godoro lake mwenyewe kutoka Nangara, limeletwa kwa bodaboda. Sijui alilipanga lini.

Alianza vizuri. Kwenye kona ya pili godoro lilifunguka kamba, likamfunika. Uwanja mzima ukapiga kelele. Alitoka chini yake, akalikunja, likafunguka, akalikunja tena, akaliweka kichwani. Wakati huo kijana wa ndoo alikuwa ameshakata utepe, na waliofuata nao walikuwa wameshafika, wamekaa kwenye majani, wanakunywa maji na kupiga makofi.

"Twende, Mama Rangi!"

"Kichwa kitulie!" mwalimu wa michezo alimpigia kelele. "Legeza mabega!"

Mwenyekiti aliokota ncha mbili za utepe uliokatika. Akazifunga fundo, akanipa upande mmoja nishike, yeye akashika mwingine. Tukaukaza tukasubiri. Alifika kwa kifua, kichwa kimetulia kabisa, macho mbele, akaukata, akaanguka na godoro chini yake, ambalo ndilo faida ya kukimbia na godoro.

Nilikuwa na karatasi ya matokeo, na ilinibidi nijaze. Namba kumi na tano. Jina, Mama Rangi. Safu iliyofuata ilikuwa ya mahali mshiriki anakotoka. Nikachuchumaa pembeni yake na kalamu.

"Hapa niandike unatoka wapi?"

Alikuwa amelala chali, anahema, anatazama juu.

"Nangara, Katibu. Andika Nangara, halafu niletee maji."